Nilimwagia Kuku Kimea cha Mke Wangu

Wasomaji wenzangu, nina miaka sabini na mbili, mjane, naishi Izia, Sumbawanga. Nilifika kidato cha nne, nikajiona naijua dunia kuliko mke wangu... Laiti ningejua!

Mke wangu, Mama Deo, alikuwa akipika pombe ya ulezi. Msimu wa kulima ukifika, majirani walikuja na majembe, wakalima shamba letu, kisha wakakaa kuzunguka chungu kimoja. Nasi tulikwenda kwao vivyo hivyo.

Mfanyabiashara mmoja wa Tunduma akaniambia pombe za vyungu zimepitwa na wakati, watu sasa wanataka bia za makopo kutoka Ulaya na Afrika Kusini. Nikafungua grosari. Ikajaa vijana! "Baba Deo, umekuwa wa kimataifa!" walinitania. Nikavimba kichwa.

Nikaanza kuionea aibu harufu ya kimea, ule ulezi uliooteshwa wa kupikia pombe, nyumbani kwangu. Asubuhi moja nilikikuta kimeanikwa mkekani, nikakimwagia kuku. Mama Deo hakulia. Alisema tu, "Baba Deo, umewafukuza majirani."

Nilicheka...

Mvua zilipoanza, niliwaita majirani, nikawapangia makopo mezani. Mzee Kasiano, jirani yetu wa siku zote, aligeuzageuza lake. "Hii kila mtu anywe peke yake? Basi na shamba kila mtu alime lake." Wakaaga kwa heshima, wakaondoka. Makopo yakabaki.

Mama Deo akashika jembe peke yake, mvua ikimnyeshea. Kifua kikambana. Mimi nilikuwa wapi? Tunduma, nikisubiri lori la bia! Bia zenye majina yale yale zilikuwa zimeanza kutengenezwa hapa nchini, rahisi kuliko zangu, nami nilihangaikia nyingine mpya kutoka ng'ambo. Alinipigia simu, akikohoa. Nilimjibu, "Vumilia, narudi na mzigo."

Nilirudi na mzigo. Yeye hakuwepo tena...

Majirani wale wale ndio waliochimba kaburi. Baada ya mazishi, wanawake walileta pombe ya ulezi, wakanipa kata ya kwanza. Ladha ilikuwa ile ya Mama Deo kabisa! Wakaniambia ndiye aliyewafundisha. Machozi yalinidondoka ndani ya kata.

Grosari nimeifunga. Ninaotesha kimea mwenyewe, kinaniozea kila mara.

Ndugu zangu, uzeni bia za nchi yoyote mtakayo, sikatazi. Lakini mke akikupigia simu akikohoa, acha lori lipite. Rudi nyumbani!