Minazi Sitini kwa Ada ya Wafaa

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumamosi, mnazi ulio karibu na banda la mbuzi ulikuwa na alama ya rangi nyekundu. Asubuhi ya jana yake haukuwa nayo. Mwatima alikuwa na hakika, kwani kila siku kabla ya kufagia uwanja alipita shambani kuokota nazi zilizoanguka usiku, na minazi ya baba yake aliijua kama alivyowajua wenzake wa darasa la saba.

Aliweka kikapu chini akaanza kuhesabu. Mnazi wa pili ulikuwa na alama, na wa tatu pia. Alipokaribia mpaka wa shamba alikuwa amefika hamsini na tisa. Chini ya mnazi wa sitini alimkuta Jumanne, mkwezi maarufu wa minazi kijijini Kirongwe, akifunika kopo la rangi.

"Shikamoo, mjomba Jumanne. Nani kakutuma?"

"Marahaba. Mzee Ussi. Nilianza jana magharibi, kiza kikanikuta."

"Mbona umechagua inayozaa sana tu?"

Jumanne akacheka. "Ulitaka nichague iliyokauka? Mengine kamuulize baba yako, bibie. Mimi mkono tu."

Mwatima hakucheka. Minazi yao ilikuwa tisini. Thelathini iliyobaki bila alama ilikuwa ya kizee, na nazi zake zilitosha jikoni, si sokoni. Mzee Ussi alikuwa mnunuzi wa nazi na mbata, yaani nazi zilizokaushwa, na watu walisema mkono wake haurudi mtupu. Sasa mkono huo ulikuwa umepita shambani kwao gizani.

Baba yake, Mzee Hamoud, alikuwa barazani akinywa chai. Zamani alikuwa na fungu katika juya, wavu mkubwa wa kukokota. Hifadhi ya bahari ilipoanza na juya likapigwa marufuku, aliliuza fungu lake, akabaki na minazi. Unga, sabuni na madaftari ya Mwatima vyote vilitoka katika minazi hiyo.

"Nimeiweka rehani," alisema baba. "Jumatatu tunaandikiana. Mzee Ussi anatoa milioni tatu na laki sita, ada ya dada yako ya miaka mitatu. Wafaa anakwenda kusomea maabara ya hospitali."

"Na tutalipa na nini, baba?"

"Na mshahara wake. Karatasi ya chuo inasema wahitimu wanapata laki sita kwa mwezi. Miezi sita, deni limekwisha."

Mwatima alipiga hesabu kichwani. Laki sita mara sita ilikuwa milioni tatu na laki sita kamili. "Atakula nini miezi hiyo sita?"

"Maliza kufagia," alisema baba.

Wafaa alikuwa chumbani akipiga pasi mtandio wake. Alikuwa na miaka ishirini, na tangu barua ya kukubaliwa chuoni ilipofika alikuwa akiimba hata anapoosha vyombo. Mwatima alimwuliza swali lile lile: deni litalipwa na nini?

"Na nazi, mdogo wangu!" Wafaa akafungua daftari. "Ona. Minazi sitini, kila mmoja nazi kumi kwa mwanguo mmoja. Mwaka una mianguo minne. Nazi elfu mbili na mia nne, kila moja shilingi mia tano. Hiyo ni milioni moja na laki mbili kwa mwaka. Miaka mitatu Mzee Ussi anaangua, na siku ninayomaliza chuo, deni limemalizika. Mshahara wangu ni wa kuwajengea nyinyi nyumba."

"Baba anasema mshahara wako ndio utakaolipa."

Pasi ilisimama. "Hawezi kusema hivyo."

"Kasema sasa hivi."

Deni lilikuwa moja, na walipaji walikuwa wawili. Mwatima akajua kwamba kuna mtu amedanganywa, na hakuhitaji kutafuta mdanganyifu. Aliamini Mzee Ussi alimwambia baba hili na Wafaa lile, ili Jumatatu amalize kazi yake.

Saa nne Mwatima na Wafaa walikuwa ghalani kwake. Mzee Ussi alikuwa ameketi juu ya gunia la mbata, miwani puani, akitenga nazi zilizopasuka. Walimwamkia, akaitikia. Wafaa alianza kuzungukazunguka kwa maneno ya adabu, lakini Mwatima alimkatiza.

"Babu, nazi utakazoangua kwetu zinapunguza deni au hazipunguzi?"

"Hazipunguzi," alisema Mzee Ussi bila hata kuinua kichwa. "Rehani ya minazi ndivyo ilivyo tangu enzi za babu zenu. Nazi ni zangu mpaka siku nitakayorudishiwa fedha yangu yote. Baba yako anajua."

"Basi hiyo ni riba!" alisema Mwatima.

"Ah! Mimi sili riba, binti. Nakula nazi." Aliinua kichwa sasa. "Umekuja kuniita mwizi?"

"Mbona hukuniambia?" aliuliza Wafaa.

"Wewe umewahi kuniuliza? Tangu mazungumzo haya yaanze, leo ndiyo mara ya kwanza kuiona sura yako humu. Baba yako aliuliza kiasi gani, nikamjibu. Aliuliza lini, nikamjibu. Mimi naficha nini?"

Mwatima alitafuta uongo katika maneno hayo asiupate. Jambo hilo lilimkera kuliko kama angeupata. Walipotoka nje, shaka yake ilihama. Kama Mzee Ussi hakudanganya, basi ni ile karatasi ya chuo.

Katika kituo cha afya walimsubiri Albina, mtaalamu wa maabara kutoka bara, amalize kutazama damu ya mtoto kwa hadubini. Aliandika majibu, akanawa mikono, ndipo akaichukua karatasi ya chuo aliyokuja nayo Wafaa. Kwanza alitafuta jina la chuo kwa simu yake.

"Chuo kimesajiliwa," alisema. "Hilo lisiwatie shaka. Lakini hii laki sita tangu mwezi wa kwanza wameitia chumvi. Wafaa, ulimwuliza nani?"

Wafaa alitazama sakafu. "Hakuna."

"Haya, niulize mimi. Nilimaliza chuo, nikaomba kazi serikalini mara tatu. Nilipangiwa kituo baada ya miezi ishirini na sita. Humo katikati nilijitolea hospitalini kwa posho ya laki moja na nusu, na mama yangu akinitumia mchele kama mtoto wa bweni. Leo, baada ya makato, nashika laki tano na elfu ishirini. Nikila, nikilipa chumba na kutuma nyumbani, nikijibana sana nabakiwa na laki mbili."

Mwatima alikuwa ameshafungua daftari la dada yake. Deni la milioni tatu na laki sita, kwa laki mbili kila mwezi, ni miezi kumi na minane. Kabla yake, kungoja miezi ishirini na sita. Kabla yake tena, chuo miezi thelathini na sita. Jumla ilikuwa miezi themanini.

"Miaka sita na miezi minane," alisoma. "Nazi za laki moja kila mwezi. Mzee Ussi atakuwa ameangua nazi za milioni nane, na juu yake arudishiwe fedha yake."

Wafaa aliketi kwenye benchi la wagonjwa. "Basi nisiende?"

"Nani kasema?" Albina alimrudishia karatasi. "Kazi hii ni nzuri, na mimi siijutii. Wengine walipata kazi upesi kuliko mimi, wengine mpaka leo hawajapata. Badilisheni mkopo, msibadilishe chuo. Na kamwambie baba yako hesabu yote, hata ile isiyokupendeza."

Jioni, baada ya chakula, Wafaa alisoma hesabu ile mbele ya wazazi wake bila kuruka mstari. Alikiri kwamba alidhani nazi zinapunguza deni, na kwamba hakuuliza kwa sababu aliogopa safari isije ikavunjika. Baba akasema, "Mimi nami niliogopa kuuliza juu ya mshahara. Nilijiambia, msomi ni yeye."

Jumapili Mzee Ussi aliitwa barazani. Baba alikataa rehani, akamtaka anunue nazi za mwaka mmoja za minazi ile sitini kwa fedha ya mbele. Mzee Ussi alitaja mia nne kwa nazi, baba akataja mia nne themanini. Wakavutana mpaka kahawa ikapoa, wakakubaliana mia nne na hamsini. Hiyo ilikuwa milioni moja na elfu themanini. Laki moja na elfu ishirini iliyopungua katika ada ya mwaka wa kwanza ingetoka kwa kuuza beberu mmoja, na unga na sabuni za mwaka huo kwa mbuzi waliobaki. Mwaka wa pili wangekaa tena na kuhesabu upya.

"Faida yangu imepungua," alinung'unika Mzee Ussi, "lakini nalala bila kuitwa mwizi."

Mwatima alimwomba radhi. Baba alingoja mgeni aondoke, kisha akamwita.

"Kushuku si kosa, mwanangu. Shaka yako ndiyo iliyotuokoa. Kosa lako ni kumhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Na kosa letu sisi wakubwa ni kubwa zaidi: kila mmoja alimwachia mwenzake deni bila kumwambia. Mwenye shaka aulize, apige hesabu, ndipo aseme. Na anayekopa aseme mapema nani atalipa, lini, na kwa fedha ipi."

Jumatatu, saa nne na dakika kumi asubuhi, katika ofisi ya kijiji, Wafaa alisoma mkataba kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho. Mzee Ussi alitia sahihi, baba akatia sahihi, na mtendaji akagonga muhuri kwenye nakala zote mbili.