Kioo Kilichotoa Jasho

Saa kumi na mbili na robo jioni, Agosti 1994, gari jeupe la bosi Jitesh lilikuwa la mwisho kupanda pantoni ya kuvuka ziwa kutoka Kigongo. Dereva wake, Odeta, alimwacha mkewe Roza ndani. Alikuwa na mimba ya miezi minane na miguu imevimba, kwa hiyo hawakumlazimisha kushuka kama abiria wengine.

Kabla pantoni haijaondoka, kila dereva hushusha vioo vya madirisha. Mtumba huu wa Japani haukuwa na swichi wala kitufe. Kila kitu kilikuwa kwenye kioo kimoja katikati ya dashibodi. Unagusa picha, gari linatii.

Odeta aligusa. Kioo kilikuwa cha moto. Kidole kilitoka na utelezi.

"Limekulamba?" Roza alicheka.

"Acha utani, mama. Linanuka sangara aliyeoza."

Madirisha hayakushuka. Odeta alitoka kuweka gogo chini ya tairi.

Ko!

Milango ilijifunga. Ufunguo ulibaki ndani.

"Gusa picha ya dirisha!" alimpigia kelele mkewe.

Roza aligusa. Hewa ya moto ikaanza kuvuma kutoka dashibodini. Kioo kilikuwa laini sasa, kama ufizi, na ute wa njano ulichuruzika hadi kwenye gauni lake. Alivuta kidole. Hakikutoka.

"Odeta..." Sauti yake ilipita kwa shida kwenye dirisha lililofungwa. "Kinaninyonya."

Ngosha, mfunga kamba wa pantoni, alikuja na nyundo. Alipoliona gari, alitema mate.

"Si lile gari la kule Kisesa hili? Mzee mmoja alifia humo, madirisha yaligoma. Gari lilikuwa juani, walimkuta amevimba, kidole chake chenye kovu la kushonwa bado kiko kwenye kioo."

"Bosi kasema limetoka bandarini juzi!"

"Bosi wako kakudanganya, kaka. Sogea."

Alivunja dirisha.

Harufu ilitangulia kutoka. Abiria walikimbilia ukingoni kutapika. Odeta aliingiza mkono, akachomoa ufunguo, akafungua mlango kwa nje, akamvuta mkewe. Kidole kilibanduka kwa mlio wa mdomo unaoachia titi.

Ng'ambo, Busisi, muuguzi alisikiliza tumbo kwanza. Mtoto alikuwa mzima. Kisha aliosha kidole cha Roza kwa spiriti. Ngozi ya ncha ilibambuka yote, kama ganda la nyanya iliyochemshwa. Chini yake palikuwa na ngozi nyingine, iliyozeeka, yenye kovu la kushonwa.

Roza hakuwahi kushonwa kidole.