Jua la Mwanya wa Paya P'iqi

Kila asubuhi Basilia huwafungulia zizi lama, wanyama wao wa sufu na mizigo, huchemsha uji wa shayiri, humpelekea bibi yake kikombe kitandani, kisha hukimbilia shule na kipande cha jibini mfukoni. Jua huwa halijafika. Nyumba yao iko chini kabisa ya Paya P'iqi, mlima ambao jina lake kwa Kiaymara, lugha yetu ya milimani, ni Vichwa Viwili, na kichwa kikubwa kimekaa mbele ya mlango wao kama mtu aliyekataa kupisha. Kivuli chake hakiondoki uani mpaka kengele ya shule ilie.

Ikafika Juni, mwezi wa kutengeneza tunta. Viazi vichungu hutandazwa nyasini, vikalala nje usiku kadhaa mpaka baridi ivigandishe kama mawe. Baadaye hulowekwa mtoni wiki nyingi, hukamuliwa kwa miguu, hukaushwa, vikawa vyeupe kama chaki. Miaka yote kazi hiyo aliifanya Bibi Nicolasa mwenyewe, lakini mwaka huu goti lilimvimba.

"Mwaka huu miguu ni yako," alimwambia Basilia. "Uwanja uko ng'ambo ya mto. Amka kungali giza ukavifunike majani. Kiazi kilichoganda kisionwe na jua hata kidogo. Likikigusa kinakuwa cheusi, na cheusi si tunta tena."

"Nimesikia, bibi."

"Na unajua ni vya nani."

Basilia alijua. Vilikuwa vya baba yake. Kwetu marehemu huandaliwa meza nyumbani kila Sikukuu ya Wafu kwa miaka mitatu, na mwaka wa tatu ni wa kumuaga. Novemba hii ilikuwa ya tatu kwa baba. Naye alipokuwa hai, tunta nyeupe yenye jibini ndani aliipenda kuliko nyama.

Asubuhi za mwanzo Basilia aliwahi. Halafu ikaja asubuhi moja ya baridi iliyouma masikio hata ndani ya blanketi. Akachungulia dirishani. Kivuli cha mlima kilikuwa kimetanda uani vilevile. "Muda bado upo," akajisemea, akajifunika tena.

Alipovuka mto alisimama. Ng'ambo hakukuwa na kivuli. Jua lilikuwa limepenya kwenye mwanya, katikati ya vile vichwa viwili, likamwagika uwanja mzima. Viazi vilikuwa vinavuja maji, na maganda yake yameanza kuwa na rangi ya moshi.

Binamu yake Rufino alikuwa akipita na lama zake. "Umeamkaje, malkia wa blanketi? Naona jua limekusaidia kazi."

"Nyamaza, Rufino. Na usimwambie bibi."

"Mimi nimwambie ili iweje? Vikitoka majini vitasema vyenyewe."

Basilia alivikusanya haraka, akavitia kwenye shimo la kulowekea mtoni, akavifunika majani mpaka kisionekane hata kimoja. Mchana bibi akauliza, "Jua halikuviona?"

"Halikuviona, bibi."

Jioni Bibi Nicolasa alitoa sandukuni kitambaa cheusi cha meza ya wafu, akaanza kushona pindo lililofumuka. "Baba yako alipokuwa mdogo," alisema, "aliiba tunta ya moto chunguni, akaificha ndani ya kofia na kuivaa. Alicheza ngoma hapo mlangoni, wageni wakadhani ni furaha." Alicheka mpaka akafuta macho. Basilia hakuweza kucheka.

"Bibi," alisema, "jua liliviona."

Sindano ikasimama. "Vyote?"

"Vyote. Nilikuwa kitandani. Niliona kivuli uani, nikajua na huko kipo."

Bibi aliichomeka sindano kitambaani. "Kivuli cha uani ni cha kichwa kikubwa," alisema polepole. "Uwanja unatazamana na mwanya, huko jua halisubiri kengele. Nilipaswa kukuambia hilo, nikadhani unalijua. Hilo kosa ni langu. Kulala ni kwako. Na mchana nilipokuuliza, ukaniambia halikuviona. Hilo nalo la nani?"

"Langu, bibi." Machozi yakamtoka.

"Njoo hapa, mama." Bibi akamfunika kwa shali yake. "Kesho utavitoa majini. Tutavikanyaga viwe chunyo, viazi vikavu vyeusi, tutaila sisi. Shangazi yako Eustaquia ana viazi hajavitandaza, na hana miguu ya kukanyaga vile alivyotandaza kwanza. Utamkanyagia, naye atatugawia viazi. Baridi bado ipo."

Basilia alikanyaga peku hadi vidole vikafa ganzi. "Taratibu, mwanangu," alimtania Shangazi Eustaquia, "hicho ni chakula, hakijakutukana." Viazi vipya vilipotandazwa, Basilia alikuwa uwanjani kila siku kabla mwanya haujapata weupe. Bibi alijikongoja na fimbo yake mpaka hapo, wakakaa ndani ya blanketi moja.

Novemba meza iliandaliwa. Tunta ilikuwa nyeupe, jibini ikiyeyuka ndani yake. Kisha bibi akaleta sahani ya chunyo nyeusi, akaiweka hapohapo.

"Bibi, hiyo ya nini? Utaniaibisha kwa baba."

"Baba yako anaondoka, atataka kujua habari zako zote." Bibi akamshika bega. "Sikia, mjukuu wangu. Kuchelewa kila mtu atachelewa siku moja. Wewe ulisema siku ileile, tukiwa bado tuna la kufanya, ndiyo maana hii nyeupe iko mezani. Ungengoja mpaka Septemba, mimi ningekusamehe, lakini baridi isingerudi."

Basilia aliisogeza sahani nyeusi kando ya ile nyeupe, mahali ambapo mkono wa baba ungefika.