Tangi la Kioo la Anselme

Sponji ya kuchujia uchafu wa samaki haina sababu ya kunukia marashi. Apolline aliinusa mara tatu mlangoni pa nyumba yake, hapo Misiera, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, akiomba pua iwe inamdanganya. Ilinukia waridi, tena waridi la bei, si haya ya vichupa vya sokoni. Moyo ukampasuka.

Tangi lile la kioo alilileta Anselme, mumewe, kutoka Biharwe kule Mbarara, alikokuwa akilinda nyumba za watu na kurudi Nakivale kila Jumamosi. Alisema amepewa na mama mjane aliyekuwa akipunguza vyombo vya nyumba. Lilikuwa la aina ile ya kila kitu ndani: pampu, chujio na taa vimefichwa nyuma ya ukuta mweusi, na mbele samaki sita wekundu wanajipitisha kama maharusi. Uzuri wake ulikuwa wa mbele tu. Nyuma kulikuwa na kijumba chembamba, mkono wa mtu mzima haupenyi, na uchafu wote ulijikusanya hukohuko. Apolline, mwanamke ambaye ungeweza kujitazama kwenye sufuria zake, alichokonoa kwa kijiko, akaosha sponji kwa sabuni, akabadilisha maji ndoo kwa ndoo. Kesho yake maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele, na samaki wawili wakaelea.

Anselme alikasirika kwa namna ambayo hakuwahi kumkasirikia katika miaka tisa ya ndoa. Akamkataza kuligusa. Tangu hapo aliliosha mwenyewe, kila Jumamosi, kabla hata ya kula. Apolline alimtazama akiingiza mkono wake mpana katika kijumba kile chembamba, nao unapita taratibu mpaka kwenye kiwiko, na yeye anatabasamu. Mkono huo haukuwa umemgusa mkewe mwezi mzima. Fikiria, mwanamke mzima na akili zake, anaonea wivu kioo! Lakini ndivyo ilivyokuwa, na wivu huo ulimnyima usingizi.

Alasiri moja ya mvua umeme ulikatika Misiera nzima. Redio za majirani zikanyamaza, mashine ya kusaga ikanyamaza, lakini pampu ya tangi haikunyamaza, iliendelea kuvuma, kisha mvumo ukageuka ukawa kama mtu anayeimba kwa mdomo uliofumbwa, na Apolline aliposogea huku akijiambia ni mvua, akijiambia ni masikio, aliona samaki wote wameugeukia ukuta mweusi, wametulia, na kwenye tundu la kupitishia maji kikatokea kidole kimoja kilicholowa, chenye kucha ndefu ya rangi, kikapapasa ukingo pole pole, kama mwenye nyumba anayeangalia kama vumbi limefutwa.

Alikimbilia kwa Mama Libérate, mwombezi wa kanisa lao. Mama huyo alikuja na mvua hiyohiyo, akainusa sponji, akairudisha haraka.

“Uchafu ya humu haiko ya samaki,” alinong’ona. “Kuna mutu anaoga mule. Na anakuonea wivu, mama.”

“Yeye ndiye ananionea miye?”

“Wewe uko na bwana. Yeye bado anamutaka. Kioo usipasue. Rudisha fasi ilitoka. Ikuwe kavu, tena bila kitu ndani.”

Jumapili, Anselme alipokwenda ibadani, Apolline alisingizia tumbo. Samaki akawatia kwenye ndoo ya jirani, tangi akalikausha mpaka likalia kwa kitambaa. Alifurahi, tusifichane. Alikuwa anamfukuza mke mwenza.

Lakini malezi ni malezi. Kwao Fizi, kule Kongo, chombo cha mtu hakirudi kitupu. Anayerudisha sahani tupu amemwambia jirani kwamba urafiki umekwisha, na mama yake alimchapa kwa kosa hilo hilo. Libérate alikataza, ndiyo, ila si Libérate atakayesimama getini kwa mjane wa watu kama mwizi aliyetubu. Akatia maharagwe ya shambani, bakuli mbili. Mfuko hakuuona, basi akayafunga ndani ya shati kuukuu la Anselme, lile la kulimia, lenye jasho lake bado.

Kule Biharwe, alikofika kwa teksi na kuulizia nyumba ya mjane yule, geti halikufunguliwa na mjane. Lilifunguliwa na msichana mrembo, nywele zinachuruzika maji, ananukia waridi. Hapo Apolline alisahau pampu, akasahau kidole. Aliona mwanamke tu. Kumbe ni huyu!

“Kamata kitu yako,” alimwambia, akilitua tangi miguuni pake. “Na bwana yangu usimufuate tena.”

Msichana alilifungua shati. Maharagwe akayaacha yamwagike chini, hakuyatazama. Akazika uso wake ndani ya nguo ile, akavuta pumzi ndefu.

“Aksanti, dada,” alisema. “Sikukuwa na ruhusa ya kumubeba. Sasa bibi yake ya ndoa mwenyewe amenipatia.”

Geti likafungwa taratibu. Apolline aligonga mpaka mikono ikauma, akalia, akaita, kisha akashika njia ya kurudi.

Alifika Misiera jua likizama. Anselme alikuwa ameketi mlangoni, mzima, nguo zake za kanisani hazijakunjamana. Apolline akashusha pumzi kwa shukrani. Mumewe alipomwona akainuka kwa heshima, akampisha kiti.

“Karibu, mama. Unatafuta nani?”

“Anselme. Ni miye.”

Alimtazama kwa huruma, kama mtu anayetaka sana kusaidia na hawezi. Kisha akageukia ndani.

“Bibi, tuko na mugeni. Unamujua?”

Chumbani maji yalikuwa yanadondoka sakafuni, tone kwa tone. Sauti iliyojibu ilikuwa ya Apolline mwenyewe.

“Hapana, bwana. Umupatie maji ya kunywa, aende.”