Chembe cha Moyo

"Panapouma ni wapi hasa?" daktari aliuliza.

Mgonjwa aliweka kidole juu kidogo ya kitovu, pale mbavu zinapokutana, na dada yake mkubwa akamsemea.

"Hapo kwenye chembe cha moyo, daktari. Kinaungua wiki na wiki. Hali, halali, suruali zinamvuka. Alfajiri hii ndiyo katapika damu."

Nesi aliyekuwa akiandaa mpira wa kamera kando ya kitanda aligeuka ghafla. Si kwa ajili ya damu. Kupima matumbo ndiyo iliyokuwa kazi yake, na damu alishaizoea. Lakini mgonjwa mwenyewe alikuwa mchumba wake, fundi wa friji, ambaye yeye mwenyewe alimtimua kabla ya mvua kuanza. Na maneno ya dada mtu, ya kuungua, kutokula na kutolala, aliyajua, maana yalikuwa kwenye simu yake.

Walikosana kwa jambo moja tu. Fundi alikuwa na mdomo wa asali, lakini kila akiulizwa ataenda lini kwa kina nesi kujitambulisha, aligeuza utani: mara viatu vinashonwa, mara anasubiri kwanza anenepe apendeze. Siku hiyo nesi akachoka. Akamwambia asimtumie tena hata neno moja la mapenzi mpaka awe na jambo la maana. Fundi akaenda zake. Baadaye zikaanza kuingia meseji zake.

"Chembe cha moyo kinaniungua."

"Chakula hakipiti. Usiku nageukageuka tu mpaka kunakucha."

"Dawa yake unaijua wewe. Nisaidie."

Jamani, nani asingedhani ni mahaba? Nesi alizisoma huku akitabasamu peke yake, akazirudia akiwa kitandani, akasema moyoni, mwanamume kashikika huyu, acha aive. Alijibu mara moja tu, tena kwa maringo: "Vumilia. Kitapona chenyewe."

"Mbona mmechelewa hivi kumleta?" daktari alimuuliza dada mtu.

"Nimemsukuma mpaka nimechoka. Akasema kuna nesi anayemjua, kamwambia kitapona chenyewe."

"Nesi gani huyo asiye na akili?"

Nesi alifungua kinywa aseme ni yeye. Akakutana na macho ya fundi. Fundi alikuwa akimtikisia kichwa polepole, kwamba anyamaze. Mtu anavuja damu tumboni na bado anamfichia aibu yake. Dada mtu akaombwa kusubiri nje.

Wakampulizia dawa ya ganzi kooni, wakamwekea kipande cha plastiki cha kung'ata, na daktari akamchoma sindano ya kusinzia.

"Meza," nesi alimwambia sikioni mpira ulipofika kooni. "Meza tena. Nipo hapa."

Kwenye skrini ilionekana njia nyekundu, kisha ukuta wa tumbo, kisha kidonda chenye shimo na mshipa unaorusha damu. Daktari alisema hivyo ndivyo vidonge vya maumivu vinavyofanya mtu akivimeza bila chakula. Nesi aliwaza mgongo wa fundi, unaomuuma kwa friji anazozibeba kutwa nzima. Daktari akapitisha ndani ya mpira waya wenye kibanio kidogo nchani. Mpini wa kukifungua na kukifunga ulikuwa mkononi mwa nesi.

"Fungua."

Akafungua.

"Ngoja. Ngoja. Funga."

Akafunga. Alikuwa anampenda mtu huyu, na ndiyo kwanza alikuwa amejua kwamba katika meseji zote zile hakuwa akimlilia yeye, alikuwa akililia tumbo. Ilimuuma na ilimtia haya, vyote kwa pamoja. Lakini kibanio kilishika sawasawa. Damu ikakata. Daktari akaosha kidonda kwa maji, akatazama kwa muda, kikabaki kikavu. Akanyofoa vipande vidogo vya nyama ya tumbo ili vipimwe kama kuna bakteria, akauvuta mpira nje.

Fundi alipozinduka kwenye chumba cha kupumzikia, ulimi ulikuwa bado mzito.

"Nisamehe," nesi alimwambia. "Nilidhani unanibembeleza."

"Si ulinikataza ya mapenzi. Nikakutumia ya tumbo."

"Kwa hiyo ya mapenzi hukuwa nayo."

"Yapo." Fundi alihema. "Nilikuwa nayameza. Nataka kuja kwenu, nimwone baba. Utani basi."

Machozi yalimtoka nesi, lakini kazi ni kazi.

"Maneno ya leo hayahesabiki," alisema. "Aliyechomwa sindano ile haruhusiwi hata kusaini karatasi mpaka kesho. Juzi mzee mmoja aliniozesha kwa mwanawe na kunipa shamba, alipozinduka hata jina langu hakulijua."

"Basi kesho," fundi alisema, akapitiwa na usingizi.

Kutwa iliyofuata nesi alifanya kazi sikio likiwa kwenye simu. Alijiambia asitegemee kitu, kisha akategemea. Ilipolia alikuwa anaosha mipira. Alivua glovu moja akasoma.

"Dawa imeisha kichwani. Maneno yapo palepale."

Hakusubiri lifti. Aliingia wodini akitweta, akamkuta fundi ameegemea mto, rangi imemrudi kidogo, na dada mtu ameketi pembeni akikunja shuka. Fundi akayarudia maneno yake yote bila utani, tena taratibu, ili kila mtu asikie.

Nesi alimgeukia dada mtu.

"Dada, yule nesi aliyesema kitapona chenyewe ni mimi."

Dada mtu alimtazama, akamtazama mdogo wake, akamaliza kulikunja shuka lake. Kisha akasimama na kumpa nesi kiti.

"Basi kaa umuuguze mwenyewe, wifi. Mimi nimechoka."