Maumivu Yaliyochukuliwa

Asubuhi ya kwenda hospitali, Dominiko aliamka akipiga mluzi. Yuliana aliganda na sufuria mkononi. Usiku kucha mumewe alikuwa akigaragara sakafuni, ameng'ata shuka, na sasa anapiga mluzi!

"Jiwe limetoka," alisema Dominiko, akijipapasa ubavu. "Siumwi hata chembe."

"Umeliona likitoka?"

"Maumivu hayapo, mke wangu. Unataka nini tena?"

Yuliana alitaka washuke Morogoro mjini vilevile. Daktari aliwaambia waziwazi: jiwe limekwama kwenye mrija wa mkojo, na figo la upande wa pili lilishakufa zamani. Mashine ingelipasua kwa mawimbi, ila mapema, kabla nyama haijalikumbatia. Wakichelewa, figo hilo moja nalo kwaheri, na Dominiko pamoja nalo.

Lakini mjomba Eustace, mkubwa wa ukoo wa Dominiko, alishafika na kibuyu chake cha unga.

"Shikamoo, mjomba," alisema Yuliana. "Na hospitali je?"

"Marahaba. Hospitali ya nini, mtu keshapona? Kwanza tushukuru."

Jumapili wote walisali kanisani, ila pale kijijini Kinole hilo halikumzuia mtu kuikumbuka mizimu. Mjomba alimwaga unga kizingitini akamshukuru aliyeondoa maumivu, bila kumtaja jina, kwa kuwa hakumjua. Kosa likawa hilo. Aliyeitika hakuwa wa ukoo.

Tangu hapo nyumba ilinuka udongo mbichi, kama wa kaburi linalochimbwa. Kila maumivu yalipochungulia, Dominiko alijilaza, akanong'ona na ukuta, yakaisha. Siku ya mashine ikapita. Wakapewa nyingine, nayo ikapita. Akavimba miguu, kisha uso. Mkojo ukawa matone. Na anacheka tu, jamani!

Mchana mmoja Yuliana alirudi kutoka kuchuma karafuu, akasimama nje ya dirisha, akasikia sauti iliyoiga ile ya marehemu mama mkwe wake, yenye mkwaruzo ule ule, ikimbembeleza Dominiko alale, ikimwambia mjini ni mbali na kesho ipo, na kila iliponyamaza kilisikika kitu kikilamba, taratibu, kama mbuzi anayelamba chumvi, na alipochungulia akaona ubavu wa mumewe ukibonyea na kuinuka chini ya ulimi usioonekana.

Aliingia na ufagio. Alikwangua unga wote uliogandia kizingitini, akautupa chooni.

"Shukrani zetu tumezitwaa tena," alinong'ona. "Mrudishie maumivu yake!"

Dominiko alipiga yowe lililowatoa majirani mashambani. Yuliana alilia kwa furaha. Aibu ilimjia baadaye.

Hospitalini, daktari alitazama picha, akavua miwani.

"Mama, mngekuja siku ile ya kwanza, mawimbi yangetosha. Sasa limezama kwenye nyama. Aende Dar akapasuliwe, leo hii. Figo bado halijafa."

Dawa hazikumshika. Dominiko alijipinda kitandani, jasho likimtiririka.

"Yuliana, mwite."

"Vumilia, baba Witness. Gari linakuja."

"Mwite, nakufa!"

"Nikimwita ndiyo utakufa. Nakuomba. Nakupigia magoti."

Alimziba mdomo kwa kiganja, akasali Salamu Maria mfululizo, machozi yakimdondokea mumewe usoni. Gari la wagonjwa likapiga honi mlangoni. Wauguzi wakaja, na Yuliana akaondoa mkono ili awasaidie kusukuma kitanda.

"Ahsante, mama," alisema Dominiko, akitazama ukutani, si mkewe.

Akaketi, akatabasamu kwa uso wake uliovimba.

"Mwambieni dereva arudi," alisema. "Nimepona."