Mistari Mitatu kwa Ukurasa

Daftari lilikuwa moja, na kulisoma kulikuwa ni kuliunguza. Hakukuwa na njia nyingine.

Lilikuwa daftari la kanisa la Kwamisheni, kurasa tisini na sita, lililoandikwa kuanzia mwaka 1864 hadi 1899. Mafuriko ya mwaka 2088 yalilizamisha siku kumi na moja. Lilipotolewa lilikuwa limeshikana kama tofali. Ukijaribu kufunua ukurasa, unabaki na unga mkononi. Kwa miaka arobaini na mitatu lilikaa ndani ya sanduku la kioo, na watu wa Kwamisheni walikwenda kulitazama kila Pasaka.

Sasa lilikuwa ndani ya kisomajoto.

Kisomajoto ni mashine yenye ukubwa wa friji. Hupiga joto kwenye ukurasa wa juu peke yake. Wino wa zamani ulikuwa na chuma, na chuma kikipata joto hung'aa kabla karatasi haijawa majivu. Mng'ao huo ni mfupi kuliko kufumba na kufumbua jicho. Katika muda huo mashine huwahi mistari mitatu. Kila ukurasa ulikuwa na mistari thelathini na miwili: tarehe juu, sahihi chini, na katikati watu thelathini waliobatizwa, waliooana au waliozikwa.

"Kwa hiyo ishirini na tisa inakwenda," alisema Bi Keziah Farjala.

"Inakwenda," alijibu Abednego Songoro, fundi wa mashine.

Bi Keziah alikuwa mzee wa kanisa, mwenye miaka sabini na minane. Alikuja maabara na chupa ya chai na karatasi ya wakili. Jiji lilitaka Kwamisheni yote iwe kiwanja cha kushushia vyombo vya anga. Hati ya zamani ilitoa ardhi ile kwa "Mchungaji Gideoni Uledi na watu wake", kwa sharti kwamba mchungaji akae pale mpaka kufa kwake. Jiji lilisema mchungaji huyo hakuwahi kuwapo, kwamba ni hadithi ya kanisani. Baraza la Ardhi liliwapa watu wa Kwamisheni mpaka saa tisa alasiri ya siku ile kuthibitisha kwamba alikuwapo, na kwamba alikaa.

Wakili aliandika hivi: ukurasa usio na tarehe na sahihi si ushahidi. Mistari miwili ilikuwa imekwisha kugawiwa. Ulibaki mmoja.

Kabla ya kuunguza, mashine huona vivuli vya maneno tu, lakini ukiifundisha umbo la jina italitafuta. Songoro aliifundisha umbo la Gideoni. Kisha akauliza, "Na wa kwenu aliitwa nani, Bibi?"

"Wa kwetu wa nini?"

"Aliyebatizwa humu. Kila mtu wa Kwamisheni ana wake."

Bi Keziah aliweka chupa ya chai mezani. "Sikuzani. Bibi wa bibi yake bibi yangu. Alibatizwa mwaka wa njaa."

Songoro aliliingiza na hilo. Kurasa zisizo na jina lolote kati ya hayo zingeunguzwa pia ili kufikia zilizo chini, na mashine ingesoma mstari wowote.

Walianza saa mbili asubuhi. Ukurasa wa kwanza uling'aa, ukajikunja, ukaisha. Kwenye kioo yakatokea maneno: *Nambari 17, mtoto wa kiume, ameshushwa kutoka chombo cha watumwa, amepewa jina Gideoni.*

Bi Keziah alishika ukingo wa meza. "Yupo," alisema.

Maisha ya mchungaji yalitoka hivyo, mstari mmoja kwa ukurasa mmoja. Mwaka 1871 alikuwa mwalimu wa watoto. Mwaka 1878 sahihi ya mmisionari Mzungu aliyeanzisha daftari iliisha na yake ikaanza, herufi zimenyooka kama msumari. Alioa. Alizika mtoto, akabatiza mwingine, akamzika na huyo.

"Mashine yako inanuka manyoya ya mbuzi yaliyoungua," alisema Bi Keziah. "Ingekuwa mpishi wangu ningeshaifukuza. Kila kitu inaunguza."

"Na mimi ningeshaifukuza, Bibi. Lakini ndiyo inayonilisha."

Bi Keziah alicheka kidogo, akamimina chai.

Ukurasa wa arobaini na nne ulipofika, taa mbili ziliwaka, moja kwa kila jina. Gideoni alikuwa mstari wa tisa. Sikuzani alikuwa mstari wa ishirini na mbili.

Songoro alisimamisha mashine. "Chagua."

"Tuache sahihi?"

"Karatasi ya wakili unayo wewe."

Bi Keziah aliisoma tena, ingawa aliijua kwa moyo. "Huyu wangu ni mtu mmoja," alisema mwishowe. "Mchungaji ni wa wote. Mchukue mchungaji."

"Una hakika?"

"Fundi, usiniulize mara mbili. Nitabadili nia."

Songoro alibonyeza. Ukurasa ukaisha. Mstari wa tisa ulisema: *Gideoni Uledi, shahidi wa ndoa.* Basi. Hata haikujulikana ndoa ya nani.

Bi Keziah alikunja karatasi ya wakili mara nne, akaikunjua.

Saa saba na nusu walikuwa ukurasa wa sabini na moja. Mstari uliotokea haukuwa wa ubatizo wala maziko. Mchungaji alikuwa ameandika katikati ya majina, kwa mkono ule ule: *Mimi Gideoni nilisahau jina la kwetu. Kwa hiyo naandika ya wote.*

Songoro aliusoma mara tatu, akaondoa mkono kwenye kitufe.

"Mbona umesimama?"

"Bibi, hiki kitabu hakikuwa chake. Kilikuwa cha hao tunaowachoma."

"Najua kusoma."

"Hati inasema Gideoni na watu wake. Leo wanakuuliza Gideoni yuko wapi. Kesho watakuuliza watu wake ni akina nani, na utawaonyesha nini? Zimebaki kurasa ishirini na tano. Tuziache. Miaka kumi ijayo itakuja mashine inayosoma ukurasa mzima."

"Miaka kumi ijayo sisi tutakuwa wapi?"

Songoro alizitazama kurasa zilizobaki.

"Sharti ni mpaka kufa kwake," alisema Bi Keziah. "Tumemfikisha 1891. Nikisimama hapa watasema alihama, na kitabu chote kitakuwa kimeungua bure. Mwanangu, nimeshamchoma Sikuzani. Unataka niwe nimemchoma kwa ajili ya nini? Endelea."

Aliendelea. Walimpata ukurasa wa tisini na tano: *Mchungaji Gideoni Uledi, amezikwa hapa Kwamisheni, Februari 1899.* Ilikuwa saa nane na dakika arobaini. Wa tisini na sita waliuunguza pia, kwa sababu ulikuwa na tarehe, na wakili alitaka tarehe zote.

Saa tisa walikuwa mbele ya Baraza la Ardhi. Mwamuzi wake hakuwa mtu. Alikuwa mwamuzi-mashine, na sauti yake ilitoka ukutani, ya upole, kama ya muuguzi. Alipokea tarehe zote na sahihi zote.

"Baraza limeridhika kwamba Mchungaji Gideoni Uledi alikuwapo, na kwamba alikaa Kwamisheni mpaka kufa kwake. Hongereni."

Bi Keziah alifumba macho.

"Hati inasema pia watu wake," iliendelea sauti. "Kila familia inayodai kubaki ionyeshe jina la babu au bibi yake katika daftari la mchungaji. Leteni daftari."

Songoro aliangalia sakafu. Bi Keziah alisimama, akajinyoosha, akasema kwa sauti kavu, "Daftari ndilo hilo mlilonalo. Hakuna jingine."

Hesabu ni hii. Kurasa zilizounguzwa, tisini na sita. Watu walioandikwa humo, elfu mbili mia nane na themanini, kasoro mstari mmoja ambao mchungaji alijiandikia mwenyewe. Majina yaliyosomeka, ukimtoa mchungaji na nyumba yake, hamsini na moja. Familia zilizokuwa zikiishi Kwamisheni asubuhi ile, mia mbili na kumi na nne. Zilizoruhusiwa kubaki, tisa.

Ya Bi Keziah haikuwamo.